Robo Saa ya Kimya, Barabara ya Biashara

Mara ya kwanza nilipowaona wanawake wale wamesimama mjini, watu wengine walijipanga pembeni yao wakidhani ni foleni.

Siwalaumu. Nairobi mtu akiona mstari husimama kwanza, kisha ndipo huuliza. Huenda ni unga, huenda ni chanjo, huenda kuna mtu anaandika vijana kazi ya ujenzi. La muhimu ni kutopoteza nafasi. Wanawake wanne walikuwa bega kwa bega kwenye veranda ya duka la vitambaa, Barabara ya Biashara, nyuso zikitazama magari, midomo imefungwa. Punde fundi wa viatu akaja akasimama mwishoni. Akafuata msichana aliyekumbatia bahasha ya vyeti vyake. Kisha akaja mwendesha bodaboda, helmeti mkononi, ambaye hakuweza kuvumilia.

"Hapa wanapeana nini?" akamuuliza msichana.

"Sijui. Lakini mzungu ako hapo mbele."

"Basi ni kitu poa," akasema, akasogea karibu.

Mzungu aliyekuwa mbele ni jirani yangu. Tunaishi ghorofa moja Kileleshwa, mlango wake ukitazamana na wangu. Ni Mhispania anayekaribia miaka themanini, mkunga mstaafu. Kiswahili alijifunzia katika wodi za wazazi magharibi mwa Kenya, ndiyo maana hadi leo akitaka mtu aharakishe humwambia "sukuma", na akitaka atulie humwambia "pumua". Watoto wa jengo letu, wafanyakazi wa nyumba na bawabu wote humwita Shosho, yaani nyanya, nami pia.

Mimi kazi yangu ni habari za redio. Nimezoea kuupima mkutano kwa kelele zake: nyimbo zinaanza saa ngapi, nani anashika kipaza sauti, umati unaitikia vipi. Siku ile Shosho alikuwa amenialika "kuja kuona jambo dogo mjini", nikaenda na kinasa sauti changu kwa mazoea. Nilipofika nyumbani nikasikiliza nilichorekodi. Kulikuwa na honi, utingo akiita abiria wa Kawangware, na mtu akiuliza wanapeana nini. Wanawake wenyewe hawakusikika hata kukohoa. Mhariri wangu aliniambia hiyo si habari. Nilikubaliana naye, lakini wiki iliyofuata nilirudi, na safari hiyo sikubeba kinasa sauti; nikasimama nao.

Desturi ya kusimama hivyo mtu anapouawa Shosho aliitoa kwao, mji mdogo wa kaskazini mwa Uhispania. Alinieleza jikoni mwake huku akikaanga viazi na mayai, chakula ambacho hupika kila mgeni akija na ambacho sijawahi kukichoka. Alipokuwa mwanamke wa makamo, mji wao ulikuwa na watu waliokuwa wakiuana kwa ajili ya nchi. Kundi moja lililokuwa na bunduki lilitaka nchi yake lenyewe, likilipua magari na kupiga watu risasi mlangoni kwao. Upande wa pili nao palikuwa na wanaume wasiovaa sare waliowateka wale wa kundi na kuwaua. Watu wa kawaida walifunga madirisha. Ukimkuta jirani yako dukani ulizungumza juu ya mvua.

"Halafu wanawake kadhaa wakasema, tutasimama," alisema. "Mtu akiuawa leo, kesho tunasimama uwanjani. Robo saa. Bila wimbo, bila bendera, bila sala."

"Kwa nini bila sala?"

"Kwa sababu sala ina upande. Ukisali, mimi najua wewe ni wa nani. Ukinyamaza, lazima nikutazame."

Na palikuwa na kanuni moja iliyowaudhi wote: walisimama kwa kila aliyeuawa. Hawakuuliza ni wa upande gani wala ameuawa na nani. Wenye kundi walikuja kusimama ng'ambo ya uwanja wakiwazomea, na wenye serikali waliwaita wasaliti. Shosho alisema mwanzoni walikuwa sita, na mmoja wao alikuja kwa sababu alifikiri ni mazoezi ya kupumua kwa wajawazito.

Niliuliza, kama waandishi tunavyouliza, wazo hilo lilitoka wapi. Alizima jiko kwanza. Akasema wanawake wa kwao walikuwa na historia ndefu ya kukataa vita. Nyanya zao waliwahi kuteremka bandarini kuwazuia wana wao wasipandishwe meli za kwenda kupigana Afrika, katika nchi ambayo hawakuweza kuionyesha kwenye ramani. Baadhi ya wanawake waliosoma waliandika kwamba atakayejua vita ni nini ni yule anayepokea mwili, si yule anayeutuma. Lakini yeye mwenyewe, alisema, hakulipata wazo hilo kwenye vitabu. Alilipata kwa mama yake, kwenye birika la kufulia.

Kijiji cha mama yake kilikuwa na birika moja la mawe ambamo wanawake wote walifua. Vilipokuja vile vita vya wenyewe kwa wenyewe, waume na kaka za wanawake wale waligawanyika, wengine huku, wengine kule. Birika halikugawanyika. Wanawake walipiga magoti ubavu kwa ubavu wakifua mashati ya pande zote mbili katika maji yale yale, na walikuwa na agizo lao: juu ya maji, hakuna kuvitaja vita. Mwanamke akishindwa kujizuia, wenzake walimnyunyizia maji usoni.

"Mama yangu alinifundisha kitu kimoja tu juu ya vita," Shosho alisema. "Damu haifuliwi kwa maji ya moto."

Nilidhani ni methali. Haikuwa methali, yalikuwa maelezo ya kufua.

Mmoja wa wanawake waliojiunga baadaye, mama wa Mutuini, ni mimi niliyemleta. Wakati wa maandamano ya vijana nilitumwa kwenda kwenye mazishi ya mwanawe, aliyepigwa risasi katikati ya jiji. Risasi ambayo hadi leo hakuna aliyesema ilitoka kwenye bunduki ya nani. Mutuini bado kuna mashamba madogo ya sukuma wiki na migomba kati ya nyumba mpya za kupangisha, na kaburi lilichimbwa pembeni ya zizi la ng'ombe. Palikuwa na hotuba nyingi. Vijana walimwita marehemu shujaa, wakapiga picha na mama yake, wakamfundisha kuinua ngumi. Aliinua. Watu walipotawanyika alinifuata hadi barabarani.

"Wewe wa redio," aliniambia. "Hao wamama wengine, wenye watoto wao wameenda kama wangu, huwa wanaenda wapi siku ya kawaida? Sio siku ya mazishi. Siku kama Jumanne."

Nilimfikiria Shosho.

Mama huyu huuza matumbo Dagoretti, karibu na vichinjio. Huyapokea asubuhi yakiwa bado na joto, huyaosha, huyakwangua, huyauza kwa wenye hoteli. Alipofika mjini mara ya kwanza alikuwa amevaa nguo za kanisani na viatu vya kubana. Alipoambiwa hakutakuwa na maombi aligeuka kama mtu aliyekosea mlango.

"Hata ya kufungua?"

"Hata ya kufungua," Shosho akasema.

"Mama, hapa ni Kenya. Hata mkutano wa choma tunafungua na maombi."

"Omba kwenye gari ukija. Mungu anasikia hata huko."

"Kwenye gari kuna muziki."

"Basi omba kwa sauti kubwa," Shosho akasema, na yule mama akacheka, pengine kwa mara ya kwanza tangu azike. Mwenye duka la vitambaa, mjane wa Kihindu ambaye familia yake imeuza nguo barabara hiyo tangu zamani za babu, akatoa kichwa mlangoni.

"Mimi naomba ndani ya duka kila asubuhi," akasema. "Nyinyi simameni nje. Ile yangu inatosha wote."

Duka lake ndilo lililotupa veranda. Awali alikuwa akituletea viti, kwa kuwa hakuamini kwamba wanawake wazima wanaweza kutaka kusimama. Siku ya tatu alitoka mwenyewe, akasimama nasi, tepu yake ya kupimia ikining'inia shingoni. Kuna wakati askari wa kanjo, wale wa baraza la jiji, walikuja kutuuliza tunauza nini na leseni iko wapi. Kanuni ilikuwa hakuna kusema, kwa hiyo hakuna aliyejibu. Walitutazama mikono mitupu, wakatazama chini kama kuna karatasi ya plastiki yenye bidhaa, wakaondoka wakinong'onezana. Mwenye duka alisimulia kisa hicho kwa wateja wake mwezi mzima.

Mama wa Mutuini alikijua kimya kuliko sisi sote. Mimi dakika za kwanza huwaza simu yangu, kisha mgongo. Yeye alisimama kama anayesikiliza kitu mbali. Baadaye, tulipokuwa tukinywa chai nyuma ya mabunda ya vitambaa, ndipo alipoongea. Alisema nyumbani kwake hakuna nafasi ya kumkumbuka mtoto. Mumewe hataki jina litajwe. Binti yake hulitaja kila saa, mtandaoni, kwa hasira. "Mmoja amenifungia mdomo, mwingine ananifungulia kwa nguvu," alisema. "Pale nje tu ndio niko na yeye."

Ndipo nilipogundua kilichomfunga yeye na Shosho. Siku moja shati la mwenye duka lilidondokewa na damu, amejikata kidole kwa mkasi, na msaidizi wake akaenda kuchemsha maji. Wanawake wawili, mmoja wa Uhispania na mmoja wa Dagoretti, wakasema kwa pamoja: "Baridi!" Wakatazamana. Tangu siku hiyo walikaa pamoja kwenye chai, wakizungumza juu ya chumvi na sabuni ya mche, juu ya damu ya ng'ombe na ya uzazi, kama mafundi wawili wa kazi moja. Sijaona urafiki ulioanza kwa kitu kidogo vile ukasimama imara vile.

Halafu akauawa askari.

Alikuwa konstebo kijana, mtu wa magharibi mwa Kenya, hata miaka mingi kazini hakuwa nayo. Alipigwa jiwe kichwani wakati wa purukushani upande wetu wa jiji, karibu na soko. Nilisoma taarifa hiyo mwenyewe hewani, sentensi nne. Kabla sijatoka studio nilikuwa nimeshajua kesho yake itatuletea nini.

Tulikutana dukani jioni hiyo, mwenye duka akiwa ameshusha mlango wa chuma nusu. Tulikuwa wanane au tisa wakati huo. Shosho hakuzungushazungusha.

"Kesho tunasimama," alisema.

Kisha mwanamke mmoja, mwalimu wa chekechea, akasema, "Shosho, tunaelewa kanuni. Lakini watu watatuona aje? Watasema tumenunuliwa."

"Watasema," Shosho alikubali.

"Si tungoje tu huyu apite? Tusimame kwa anayefuata."

"Anayefuata atakuwa wa nani?"

Wote wakamgeukia mama wa Mutuini. Hatukukubaliana kufanya hivyo, lakini kila mmoja alijua kwamba yeye ndiye aliyekuwa na haki ya kusema. Alikuwa akikunja na kukunjua kona ya kitambaa cha mauzo.

"Mimi sisimami kwa polisi," alisema. Hakuinua sauti. "Na nyinyi mkisimama, hamtaniona hapa tena. Nitatafuta mahali pengine pa kukaa na mtoto wangu."

"Umesikia, Shosho?" mwalimu akasema. "Tukimpoteza mama tumebaki na nini?"

Hilo ndilo lililokuwa mezani, na sote tulilielewa. Tukisimama tungemnyang'anya mama mahali pekee alipomkuta mwanawe. Tusiposimama, tungekuwa kikundi kingine cha maandamano, ila kisicho na sauti.

Nilitegemea Shosho abembeleze. Alikuwa na mambo ya kusema, nami nilikuwa nikiyajua, kwa sababu aliwahi kunisimulia kisa cha kaka yake. Lakini alivaa sweta lake, akachukua mkoba.

"Nitasimama," alisema. "Hata peke yangu. Nilianza na watu wachache kuliko hawa." Alipofika kwa mama wa Mutuini aliweka mkono begani mwake. "Wewe usije kwa ajili yangu. Na usikae nyumbani kwa ajili yangu."

Mama hakuinua macho.

Asubuhi nilikwenda Dagoretti. Sikutumwa na mtu. Nilijiambia naenda kununua matumbo, na kweli nilinunua. Alikuwa amevaa gambuti na aproni ya plastiki, mikono ndani ya karai, akikwangua kwa kisu. Binti yake alikuwa ameketi kwenye kreti ya soda, simu mkononi.

"Niaje," binti alinisalimia. "Umekuja kumbeba mathe aende akalilie karau?"

"Nimekuja kununua nyama."

"Hiyo si nyama, ni matumbo," mama alisema, na nikajua kwamba hajanikasirikia mimi.

"Mathe, wakiweka picha yako online umesimama kwa hao watu, mimi nitasema si mama yangu," binti aliendelea. "Naapa."

"Sema. Utakula wapi jioni?"

Binti akacheka kidogo bila kupenda. Mama aliendelea kukwangua. Baada ya muda akaniuliza, kama mtu anayeuliza hali ya barabara, "Huyo Shosho, nani wake alikufa huko kwao?"

Nikamwambia. Kaka yake Shosho alikuwa postamasta. Bomu lilitegwa chini ya gari lake na wale wa kundi, kwa sababu binamu yake alikuwa askari. Mji ulisimama kwa ajili yake robo saa. Miezi kadhaa baadaye kijana wa kundi lile lile alikutwa amekufa msituni, mikono imefungwa. Kanuni ikamwita Shosho.

"Akasimama?"

"Alisimama. Shangazi yake hakumwamkua tena mpaka alipokufa."

"Alikuwa anafikiria nini? Pale amesimama."

Nami nilikuwa nimemuuliza Shosho swali hilo hilo, nikitarajia jambo kubwa. "Aliniambia alikuwa anafikiria samaki. Alikuwa amemwacha samaki kwenye sinki na alihofia paka. Alisema alisimama vibaya kabisa, moyo umejaa matusi. Lakini miguu ilikuwa pale, na kanuni yao haikuomba moyo. Iliomba miguu tu."

Mama aliinua utumbo kwenye mwanga, akautazama, akaurudisha majini. "Samaki," alisema.

"Ni uongo huo," binti alisema. "Hakuna mtu anaweza kufikiria samaki."

"Wewe hujui," mama akamwambia. "Siku ya kuzika kaka yako, mimi nilikuwa nafikiria kama maharagwe yatatosha watu."

Binti aliweka simu chini. Hapo sikuwa tena mwandishi wala mnunuzi. Nilitamani kuwa mahali pengine. Mama alimwaga maji mekundu mtaroni, akajaza karai upya, maji baridi kutoka kwenye mtungi. Kisha akauliza swali ambalo nilikuwa nimejua litakuja.

"Huyo kijana wa polisi. Alikuwa na mama?"

"Ndiyo. Yuko njiani kuja kuuchukua mwili."

Alinifungia matumbo, akanipa na kipande cha ziada kama anavyompa kila mtu anayemjua, nami nikaondoka.

Saa saba mchana tulikuwa watatu kwenye veranda: Shosho, mwenye duka, na mimi. Mwalimu wa chekechea alituma ujumbe kwamba ana homa. Mwanzoni siku hiyo hakuna aliyejiunga kwa kudhani ni foleni. Habari ilikuwa imetangulia. Sijui nani aliipeleka. Vijana kama kumi walikuwa wamesimama ng'ambo ya barabara, simu zimeinuliwa, na nilikumbuka uwanja ule wa Uhispania ambao sijawahi kuuona.

"Shosho, karau ni mjukuu wako?" mmoja alipaza sauti.

"Mama duka! Kesho hatununui kwako, ukae ukijua!"

"Si walinunua kwangu jana?" mwenye duka alinong'ona bila kugeuza shingo. Shosho alimkanyaga kidogo mguu. Kanuni.

Nimesimama kwenye maandamano mengi nikiwa na kipaza sauti mkononi, na kipaza sauti ni kama ngao. Mtu akikutukana unamsogezea, anaanza kueleza. Kusimama bila kitu mkononi na bila jibu mdomoni ni kazi nyingine. Nilimtazama Shosho kwa pembe ya jicho. Mikono yake, yenye madoa ya uzee, ilikuwa imelegea kando ya sketi. Alikuwa anapumua kama alivyowafundisha wajawazito, polepole, kwa hesabu, kupitia puani. Nilifikiria mama yake amepiga magoti kwenye jiwe, akimfulia mtu asiyempenda kwa sababu maji yalikuwa ni yale yale, na nikaona kwamba ujasiri wa wanawake hawa haukuwa wa kukimbilia kitu. Ulikuwa wa kutoondoka.

Kelele za vijana zilipungua ghafla. Nilidhani polisi wamefika.

Alikuwa mama wa Mutuini, akivuka barabara kati ya magari, gambuti miguuni, aproni ya plastiki bado kiunoni. Hakuwa amebadilisha nguo. Nadhani kama angeingia nyumbani kubadilisha asingetoka. Vijana walimtambua mara moja; uso wake ulikuwa kwenye mabango yao.

"Mathe," mmoja alimwita kwa heshima. "Mathe, umekosea. Leo si ya kwetu."

Alipita mbele yao.

"Mathe, huyo alikuwa polisi. Umesikia? Polisi."

Alipanda veranda. Hakuja kati yetu. Alisimama mwisho wa mstari, hatua moja mbali na mimi, akatazama barabara. Alikuwa ananuka maji na chumvi. Mikono yake ilikuwa myekundu kwa baridi, na hakujua aiweke wapi; hatimaye aliifunga nyuma ya aproni. Kifua chake kilikuwa kikipanda na kushuka, na kwa dakika kadhaa niliamini kwamba atapiga kelele, au atawajibu wale vijana, au atatutukana sisi. Kijana aliyemwita alivuka akaja hadi chini ya ngazi ya veranda, akasimama akimtazama kutoka chini.

"Tuambie tu kitu, mathe," alisema. Sauti yake ilikuwa imevunjika kidogo. "Tutawaambia watu nini?"

Yeye alimtazama. Kumtazama tu, kwa muda mrefu, kama ambavyo mama humtazama mtoto aliyetoka mvuani kabla ya kumwambia avue viatu. Kijana aliteremsha simu. Hakujiunga nasi, lakini hakurudi ng'ambo pia. Alikaa kwenye ngazi akitupa mgongo.

Shosho hakugeuka kuangalia ni nani aliyekuja. Ila nilimwona akiacha kupumua kwa hesabu.

Muda ulikuwa umekaribia kwisha pale mzee mmoja aliyebeba mfuko wa dawa alipokuja akitazama mstari wetu. Hakuwa na habari ya lolote. Alipima urefu wa foleni, akaona ni fupi, akaridhika, akaenda mwisho kabisa, nyuma ya gambuti.

"Mama," alimuuliza mama wa Mutuini kwa upole, "hapa wanapeana nini?"

Hakuweza kumjibu, kanuni ilimkataza. Alisogea kidogo kuelekea kwangu, akaziba ile hatua moja aliyokuwa ameiacha kati yetu, akampa mzee nafasi ya kusimama kivulini.